Mkuu wa Kaya

"Kama wewe nauza kitu, sisi hapana nunua," alisema yule mama bila kuinuka kwenye mkeka wake.

"Siuzi kitu, eedo," nilimjibu kwa Kisomali, nikiwa nimesimama langoni. "Nimekuja kwa kazi ya utafiti."

Eedo ni shangazi. Ndivyo tunavyomwita mama yeyote aliye na umri wa kutuzaa, na neno lenyewe lilinitoka kabla sijalifikiria. Alinitazama kuanzia viatu vyangu vilivyojaa vumbi, akapanda hadi kwenye koti la kazi, kwenye tableti niliyoikumbatia kifuani, hadi usoni. Hapo macho yake yakasimama.

"Mimi si eedo yako," alisema, na kwa Kiswahili. "Hapa ongea Kiswahili. Mtu wa ofisi naongea Kiswahili."

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Kwetu Garissa, Kiswahili ni cha daktari aliyetoka bara, cha karani wa kaunti, cha polisi wa kizuizini. Mama wa Kisomali akimjibu binti wa Kisomali kwa Kiswahili, anamwambia asimame hapo hapo nje alipo.

Jina lake ni Kaha. Ni mama yake Abdikafi.

Nilimpenda Abdikafi tangu mwaka wetu wa mwisho chuoni. Yeye alisomea afya ya mifugo, mimi sosholojia, na kilichotukutanisha ni feni moja tu iliyokuwa ikizunguka maktabani. Alikuja kuketi chini yake, akanikuta nimetangulia. Jumatatu ya wiki ile alinishika ncha ya hijabu, kama alivyozoea kwa kuwa hakuthubutu kunishika mkono, akaniambia, "Nipe mpaka mwisho wa wiki, Sahro. Nitamwambia Hooyo. Mimi ndiye najua namna ya kusema naye."

Sasa ilikuwa Jumatano, na mimi ndiye niliyekuwa mbele ya Hooyo, mama yake.

Si kwamba nilitaka kwenda. Asubuhi ile msimamizi wetu, Justus, alipotugawia nyumba zilizochaguliwa na kompyuta, nilimfuata nyuma ya gari.

"Madam Sahro, shida iko wapi?" aliuliza.

"Hii moja, naomba apewe mtu mwingine."

"Kwa nini? Ni jamaa zako? Kama ni watu wako sema, kanuni inaruhusu tubadilishane."

Ningemjibuje? Kwamba si watu wangu bado? Kwamba kuna kijana mle ndani ambaye hajalitaja jina langu mbele ya mtu yeyote? Nilitazama chini.

"Si jamaa zangu," nilisema.

"Basi nyumba ni nyumba. Nenda, na usibadilishe hata neno moja la swali. Soma kama lilivyo, uso uwe hauna habari."

Uso wangu haujawahi kukosa habari. Mama yangu husema mtu anaweza kujua nilichokula kwa kunitazama tu.

"Wewe ni binti ya Maow," Kaha alisema sasa. "Maow wa maji. Ile ya punda."

"Ndiyo, mama."

"Nakujua. Unafikiri mimi sijui? Garissa hii ni ndogo kuliko sufuria. Mwanamke wa sokoni naniambia, Kaha, mwanao nasimama na binti ya punda nyuma ya duka ya dawa." Alitema kijiti cha mswaki kando. "Mimi nikasema, nyamaza, mwanangu ana macho. Sasa ingia. Keti. Uliza maswali yako. Leo mimi nataka sikia sauti yako."

Niliingia. Nilivua viatu, nikaketi ukingoni mwa mkeka. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, na kando yake herio, kile kibanda chetu cha mikeka na fito ambacho mamake Abdikafi hulala ndani yake mpaka leo, kwa sababu anasema saruji humuuma magoti.

Nilisoma maelezo ya mwanzo. Kwamba majibu ni siri. Kwamba ana haki ya kukataa swali lolote.

"Nani amesema nitakataa?" alisema. "Endelea."

"Mkuu wa kaya hii ni nani?"

"Mkuu gani?"

"Mwenye nyumba. Anayetoa uamuzi."

Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Baba yake amekufa. Mkuu ni mwanangu." Kisha akapaza sauti, akaita kwa Kisomali, "Abdikafi! Njoo uhesabiwe."

Alitokea nyuma ya nyumba, mikono ya shati imekunjwa, akinukia ile dawa kali ya kuogeshea mbuzi. Aliponiona alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Macho yetu yalikutana, na kwa muda wa pumzi moja nilimwona yule wa chini ya feni, yule anayecheka mabega yakitikisika. Nilingoja aseme jina langu. Neno moja tu lingetosha. Sahro.

"Habari yako, dada," alisema.

Dada. Kama tunavyomwita msichana wa dukani.

"Nzuri," nilijibu, nikainamia tableti ili koti linifiche.

Akaketi, si upande wangu, si upande wa mamake. Katikati, penye jua.

Maswali mengine ya nyumba hayahitaji hata kuulizwa. Sakafu, paa na ukuta, mhojaji anatazama mwenyewe na kubonyeza. Nilibonyeza udongo. Nilibonyeza mabati. Kaha alikuwa akifuata kidole changu kama mtu anayemchunga mwizi.

"Je, kaya hii ina jokofu?"

"Ni nini hiyo?"

"Friji, Hooyo," alisema Abdikafi kwa sauti ndogo.

"Ya nini? Maziwa yangu nawekwa kwa moshi. Hapana."

"Runinga?"

"Tivii," akafasiri tena.

"Hapana. Watu uchi. Hapana."

"Choo cha kuvuta maji?"

"Angalia pale nyuma. Wewe una macho."

Nilibonyeza hapana, na hapana, na hapana. Kisha nikafika kwenye swali nililokuwa nikiliogopa tangu langoni.

"Je, kaya hii inamiliki mifugo yoyote? Ikiwa ndiyo, ngamia ni wangapi?"

Abdikafi alifumba macho.

Mtu wa kwetu haulizi idadi ya ngamia wa mwenzake. Ni kuwatupia jicho baya. Hata ndugu hamwulizi ndugu. Unauliza kama mvua imenyesha, kama malisho yapo, na mwenye akili anaelewa kutokana na jibu. Nilifundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu. Na bado kanuni ilisema, soma kama lilivyo.

"Rudia," alisema Kaha.

"Mama, unaweza kukataa kulijibu hili. Nitaandika kwamba..."

"Rudia! Nataka mwanangu asikie na masikio yake."

Nikarudia. Sauti yangu haikufika hata mwisho wa swali.

"Umesikia?" alimgeukia. "Mgeni kutoka Nairobi akiuliza, mimi nasema huyo hajui. Huyu anajua! Nauliza mimi ngamia ya marehemu, mbele ya uso yangu, mkono juu ya mashine. Hiyo ndiyo adabu ya nyumba ya Maow?"

"Hooyo, ni kazi tu," alisema Abdikafi.

"Kazi!" Aliashiria mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika aliyelala kivulini. "Andika mbuzi moja. Hiyo. Ngamia, hapana. Andika."

Niliandika. Ngamia, hakuna. Mbuzi, mmoja. Na Garissa nzima inajua kwamba ngamia wa nyumba hiyo wakishuka kisimani kule Eldas, wengine hungoja zamu mpaka jua ligeuke.

"Sasa niambie," alisema, sauti imetulia ghafla, na utulivu ule ulinitisha zaidi. "Hiyo yote nabonyeza, inafanya nini?"

"Inapelekwa Nairobi, mama. Majibu ya nyumba zote yanakusanywa, wanapima hali ya maisha. Nyumba ina nini, watu wamesoma kiasi gani, wanafanya kazi gani. Halafu kaya zote zinapangwa, kutoka ya chini mpaka ya juu, zinagawanywa mafungu matano yaliyo sawa."

"Na mimi niko fungu gani?"

"Sipangi mimi, mama."

"Wewe umesoma. Jua unajua. Fungu gani?"

Nilimtazama Abdikafi, nikiomba msaada. Alikuwa akichora mstari mchangani kwa kidole.

"La chini," nilisema. "Kwa majibu haya, la chini kabisa. Ndiyo maana swali la mifugo lipo, mama. Bila hilo, mali ya mtu wa kwetu haionekani."

"Na nyumba ya baba yako?"

"Mama, hiyo haimo..."

"Ile chumba nakodisha karibu na soko. Sakafu gani?"

"Saruji."

"Tivii?"

"Tuliachiwa na mpangaji aliyehama."

"Choo?"

"Cha kuvuta. Tunachangia na majirani."

"Na wewe una digrii. Basi Maow fungu gani?"

Sikutaka kujibu. Naapa sikutaka. Lakini sijui kudanganya nikiwa nimeangaliwa.

"Angekuwa juu kidogo," nilisema.

"Juu ya nani?"

"Juu ya nyumba hii."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la mtandio, na kila alipotaka kunyamaza neno "Maow" lilimrudisha kwenye kicheko. Abdikafi naye, naona aibu hata kuliandika, alitabasamu. Tabasamu dogo la upande wa mdomo, la kumpoza mamake. Lakini nililiona.

"Umeona?" Kaha alimwambia. "Mtu napiga punda kutoka mtoni, asubuhi mpaka jioni, ngamia yake yote imekufa na ukame, huyo yuko juu yangu! Mashine imesema! Sasa mimi nimeelewa binti yake alipata wapi moyo ya kutamani ua yangu." Kicheko kikakatika. "Msichana, sikiza. Mimi nilipokuja kuolewa hapa, mama ya mume wangu alinipima. Hakuwa na mashine. Alinipa mtungi ya maziwa nibebe mbele ya wazee, akaangalia mkono yangu, mguu yangu, akauliza baba wa baba yangu, mpaka babu wa babu. Nililia siku ile. Lakini nilipita. Wewe hutapita. Ngamia iko kwa mikono ya ndugu ya marehemu. Huyu akioa chini, wao nafunga mkono, na mimi nabaki na hii mbuzi moja wewe umeandika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na nilielewa kweli. Hilo ndilo lililoniumiza. Sikuweza hata kumchukia vizuri.

"Bado maswali?"

"Yamebaki machache. Haya ni ya mkuu wa kaya. Lazima ajibu mwenyewe."

Niligeuka. Ilibidi nimtazame.

"Umri wako?"

Akajibu.

"Kiwango cha elimu?"

"Chuo kikuu."

"Kazi?"

"Nina duka la dawa za mifugo." Kama kwamba sijawahi kufagia vumbi la duka lile nikimsubiri afunge.

Skrini ikaleta swali lililofuata, na maneno yake yakanichezea machoni.

"Hali yako ya ndoa?"

"Andika ameposa," Kaha alidakia. "Ijumaa wazee naenda kwa Salat wa malori. Anachukua binti yake, Fowsiya. Ndugu ya marehemu wamekubali yote."

Ijumaa. Mwisho wa wiki niliyopewa niingoje ulikuwa siku ya posa ya mwingine. Na Abdikafi hakushtuka. Nilimtazama nikitafuta mshtuko usoni mwake, hasira, chochote. Hakikuwepo. Alikuwa akijua. Jumatatu ile, ameshika ncha ya hijabu yangu, alikuwa akijua.

"Samahani, mama," nilisema. Nilisikia sauti yangu ikitoka mbali, laini, bila kutetemeka. "Swali hili ni lake. Nitalisoma tena. Hali yako ya ndoa? Hujaoa, umeoa, mmetengana, au umefiwa?"

"Kuposa haimo?" aliuliza Kaha.

"Haimo."

Abdikafi alilamba midomo. Alimtazama mamake, akanitazama mimi, akamtazama mbuzi.

"Andika sijaoa," alisema.

Jibu lilikuwa kweli tupu. Halikumkosea mtu yeyote, wala halikumtetea yeyote.

"Swali la mwisho. Fikiria ngazi yenye vipandio kumi. Juu kabisa wako watu wenye hali bora katika jamii, wenye mali, elimu na kazi za kuheshimika. Chini kabisa wako wenye hali duni. Wewe unajiweka kwenye kipandio gani?"

"Cha sita. Cha saba."

"Moja tu."

"Sita."

"Na huyu?" Kaha aliinuka, kwa mara ya kwanza tangu nifike, akasimama juu yetu. Sasa alisema kwa Kisomali, ili pasiwe na neno la kupotea njiani. "Mwanangu, uko mbele yangu na mbele yake. Kwenye ngazi hiyo hiyo, binti Maow unamweka wapi? Ukisema yuko juu pamoja nawe, sema. Nitakwenda mimi mwenyewe kwa baba zako wadogo. Nitawalilia. Lakini niambie."

Wallahi, alimaanisha. Niliona kidevu chake kikitetemeka. Mama yule aliyenitukana tangu langoni alikuwa amemfungulia mlango mwanawe, upana wa mtu mmoja kupita.

Nilimwangalia Abdikafi. Sikujali tena kuonekana. Uso wangu wote ulikuwa wazi na alijua kuusoma.

"Hooyo," alisema, "hilo si swali lililo kwenye mashine."

Kaha aliketi polepole. Alinitazama, na nadhani katika siku ile yote hapo ndipo tulipokuwa karibu, yeye na mimi.

Kanuni inasema mhojaji amalize kwa kumuuliza mwenyeji kama ana swali lolote. Nilisoma. "Je, una jambo lolote ungependa kuniuliza?"

Nilingoja. Jogoo wa jirani aliwika, akawika tena.

"Hapana," alisema Abdikafi. "Asante, dada."

Nilivaa viatu. Kaha aliniita kwa Kisomali, sauti ya chini. "Binti. Kunywa maji kwanza, jua ni kali."

"Asante, mama," nilimjibu kwa Kiswahili. "Sisi watu wa ofisi haturuhusiwi."

Abdikafi alinikimbilia nilipokuwa nimeshafika barabarani. Sasa jina langu alilikumbuka.

"Sahro! Sahro, nisikilize. Ungetaka niseme nini, mbele yake vile? Unajua wazee. Acha Ijumaa ipite. Posa si ndoa, inavunjika. Nipe mwezi mmoja tu."

"Ulijua Jumatatu?"

"Nilikuwa natafuta njia."

"Na ulipomcheka baba yangu?"

"Sikucheka."

"Abdikafi." Niliibana tableti kifuani. "Mashine hii ina namna tatu za kufunga nyumba. Imekamilika. Wamekataa. Au mkuu wa kaya hakuwepo. Mamako nimemwandika vizuri, amejibu kila kitu, hata nisichostahili kumuuliza. Lakini wewe sikukukuta. Nilisoma maswali yote na sikukukuta."

"Usiseme hivyo. Nakupenda."

"Ungeniambia ndani."

Alinyoosha mkono kwenye ncha ya hijabu yangu. Nilirudi nyuma, hatua moja, ikakosekana kwenye vidole vyake.

Aabo, baba yangu, alikuwa akipinda kona na mkokoteni wake wa punda, mapipa yake mawili ya maji yakimwaga matone barabarani. Tangu niajiriwe sikuwahi kupanda mkokoteni wake. Siku moja kabla ya hapo Abdikafi aliniona juu yake, akaniambia kwa upole sana, "Si vizuri watu wakuone huko, Sahro." Nikamwambia baba yangu kwamba ofisi hairuhusu. Aliamini, masikini, akawa hata hanisalimu akinikuta na wenzangu, asije akaniharibia kazi. Sasa pia alinipita kimya, ametazama mbele.

"Aabo, simama."

Alivuta kamba, akamtazama Abdikafi, akanitazama. "Je, ofisi?"

"Nisogezee."

Akaondoa gunia, akalipangusa kwa kiganja. Nilikunja koti la kazi, nikapanda, nikaketi juu penye maji, tableti mapajani, machozi yakinishuka bila mimi kuyafuta. Hakuniuliza. Alimgusa punda kwa fimbo, na punda akaanza kwenda mwendo wake ule ule wa kila siku, wa polepole, mbele ya lango la Kaha, mbele ya Abdikafi aliyekuwa bado amesimama na mkono nusu hewani, kuelekea barabara kuu ambako Justus na wenzangu wote walikuwa wakingoja kwenye gari.

"Watakuona," alisema Aabo.

"Wacha waone," nilisema.